Kufundisha Ufungaji wa Ruta ya Waya kwa Mfano wa Sanduku la Posta

Walimu wengi tunaokutana nao katika mkoa wa Simiyu wamekwisha kuiona ruta. Walioigusa ni wachache. Aghalabu hukaa juu ya kabati la mwalimu mkuu, imefunikwa kitambaa cha kufumwa ili isiingie vumbi, na taa zake ndogo humeta chini ya kitambaa hicho mchana na usiku. (Kitambaa chenyewe ni hatari, kwa maana chombo hiki hupumulia vitundu vya ubavuni, na kikifunikwa hupata joto na kufa kabla ya wakati wake.) Fundi aliyeifunga alifika siku moja, akafanya kazi yake peke yake, akaondoka. Kwa hiyo ruta ikizimika, chumba cha kompyuta nacho huwa kimezimika mpaka fundi apatikane.

Tunaikumbuka shule moja iliyokaa muhula mzima bila mtandao kwa sababu mtu alibonyeza kwa kijiti kitundu kilicho nyuma ya ruta, akidhani kwamba anaiwasha upya. Kumbe kitundu hicho hufuta mipango yote na kuirudisha ruta katika hali iliyotoka nayo kiwandani. Mipango iliyofutika ilikuwa kichwani mwa fundi, na fundi alikuwa amehamia mkoa mwingine. Kompyuta zilikuwa nzima, umeme ulikuwapo, na ada ya mtandao ilikuwa imelipwa. Kilichokosekana ni maneno mawili tu, yaani jina la mteja na nenosiri lake, pamoja na mtu mmoja mwenye ujasiri wa kuyaandika mahali panapotakiwa. Tangu hapo tuliazimia kwamba mwanachuo wetu asiende kwenye mazoezi ya kufundisha kabla hajaifunga ruta kwa mikono yake mwenyewe, tangu ilipo ndani ya boksi hadi kompyuta ya mwisho. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi tunavyolifundisha somo hilo, na mahali tulipokosea.

Woga wa walimu una historia yake. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku, na marufuku hayo yalikuja kulegezwa baadaye. Wakufunzi wengi wenye umri wetu walihitimu bila kukiona chombo hicho. Kisha mambo yakaja kwa mfululizo: mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kwa njia ya bahari, na mwaka huohuo ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaanza. Mkoa wa Simiyu ulipozaliwa mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Bariadi, mwalimu alikuta anatakiwa kufundisha kitu ambacho yeye mwenyewe hakufundishwa.

Kwa nini tunaanza na waya, ilhali watu wengi sasa hutumia mtandao wa hewani? Sababu ya kwanza ni vifaa. Kompyuta nyingi za mezani zinazotolewa kwa shule kama msaada hazina kipokezi cha mawimbi, lakini karibu zote zina tundu la waya. Sababu ya pili ni wingi wa wanafunzi: kompyuta 30 zinazonena hewani kwa wakati mmoja hupokezana nafasi moja, kama watu wanaosubiri zamu ya kuzungumza mkutanoni, na kuta nene za matofali ya kuchoma huzidi kuidhoofisha sauti. Sababu ya tatu ndiyo iliyotuvutia zaidi sisi walimu. Waya huonekana. Mwanafunzi anaweza kuufuata kwa kidole kutoka kompyuta hadi ruta, na akiuchomoa huona taa ikizimika. Jambo linaloonekana hufundishika.

Zoezi la barua

Katika kipindi cha kwanza hatufungui boksi. Zana zetu ni karatasi, daftari moja, na chaki (na zinazotengenezwa wilayani Maswa zinatosha kabisa). Tunaandika namba juu ya madawati kuanzia 2 hadi 9. Mwanachuo mmoja anakaa mlangoni. Huyu ni karani wa shule, na meza yake ni namba 1. Mkufunzi anasimama barazani, naye ni maktaba ya mbali. Tunawaeleza jambo ambalo kila mtu wa Bariadi analijua: shule nzima ina sanduku la posta moja. Barua za walimu wote hufika katika sanduku hilo, wala Posta haijui nani anakaa katika nyumba ipi. Anayejua ni karani.

Mwanachuo wa dawati la 3 anaandika swali kwenda maktaba, na chini yake anaandika, “Jibu lije dawati la 3.” Anampa karani. Karani anafuta maneno “dawati la 3”, anaandika namba ya sanduku la posta la shule pamoja na namba ya kumbukumbu, tuseme 51, kisha anaandika katika daftari lake: “51, dawati la 3.” Barua inatoka. Jibu linaporudi lina sanduku la posta na namba 51 tu. Karani anafungua daftari, anaona 51 ni ya dawati la 3, anaipeleka. Barua ikija kutoka nje bila namba iliyomo katika daftari, karani anaitupa, kwa kuwa hakuna aliyeiomba. Hiyo ndiyo kazi kubwa ya ruta, na hatujawahi kupata mfano unaoikaribia zaidi.

Ruta nayo hupewa na kampuni ya mtandao anwani moja ya nje, nayo huzigawia kompyuta za ndani anwani zake yenyewe. Anwani za mtindo wa zamani, ambazo bado zinatumika sana, hazizidi bilioni 4.3 duniani kote, nazo hazitoshi. Ndiyo maana mwaka 1996 mafungu fulani ya anwani yalithibitishwa kuwa ya matumizi ya ndani tu, likiwamo lile linaloanza na 192.168. Nyumba yoyote inaweza kuzitumia bila kugombana na jirani, kama vile kila nyumba ya kupanga pale mjini inavyoweza kuwa na chumba namba 3.

Baadaye tunamwingiza mwanachuo mgeni. Hana namba. Anasimama mlangoni na kusema kwa sauti, “Naomba namba!” Karani anatazama orodha, anampa 10, na kumwambia kwamba ni yake kwa siku moja, akiendelea kuwapo ataiomba tena. Kompyuta inapochomekewa waya hufanya vivyo hivyo, katika muda mfupi kuliko kufumba jicho. Kisha tunamweka karani wa pili mlangoni bila kuwaambia waliomo. Haichukui dakika tano kabla watu wawili hawajapewa namba moja, na barua zikaanza kupotea. Wanachuo hucheka sana hapa. Sisi hatukucheka siku jambo hilohilo lilipotupata kweli: mwanachuo alileta ruta yake ndogo ili apate matundu zaidi, akaiunganisha na ya chuo bila kuizima kazi ya kugawa anwani, na nusu ya kompyuta zetu zikapotea njia kwa siku mbili. Tulibadilisha nyaya, tukailaumu kampuni ya mtandao, tukafanya kila kitu isipokuwa kuhesabu makarani.

Hatua ya mwisho ya zoezi ni kuufunga mlango wa nje. Tunawaambia kwamba maktaba ya mbali haipatikani tena. Kisha tunamwagiza wa dawati la 3 amwandikie wa dawati la 5. Barua inafika bila shida. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo, mwanachuo mmoja aliuliza, “Mkufunzi, kwa hiyo bando likiisha, sisi bado tuna mtandao?” Swali hilo sasa tumeliandika katika andalio letu la somo, na ikiwa halikuulizwa na mwanachuo tunaliuliza wenyewe, maana walimu wengi hudhani mtandao na intaneti ni kitu kimoja. Mtandao ni zile nyaya na yule karani. Intaneti ni barabara iliyo nje ya mlango.

Mwalimu atakayetumia mfano huu hana budi kuwaambia wanafunzi pia mahali unapoishia. Barua ya posta husafiri nzima. Habari za kompyuta hukatwa vipande vidogo, kila kimoja na namba yake, na vinaweza kupita njia mbalimbali. Sisi hukata barua moja kwa mkasi vipande vitatu, tukavitoa bila mpangilio, mpokeaji akavipanga. Inatosha.

Kufungua boksi

Baada ya zoezi hilo ruta haitishi tena. Nyuma yake kuna tundu moja lililotengwa kwa rangi au kwa nafasi, na matundu mengine, aghalabu manne, yaliyo pamoja. Tundu la peke yake ni mlango wa barazani: huingia waya kutoka katika kifaa cha kampuni ya mtandao, kiwe cha mkongo au cha mnara wa simu. Manne ni ya madawati. Kosa la kwanza la karibu kila kundi ni kuuchomeka waya wa nje katika tundu la ndani. Tunawaacha walifanye, kisha tunawauliza karani amekaa wapi. Kompyuta zikizidi nne, huongezwa swichi, ambayo haigawi anwani wala haishiki daftari. Ni meza ndefu tu ya kupitishia barua.

Kuhusu umeme twaeleza kwa kifupi. Ruta hula umeme mdogo sana, na nyingi hutumia volti 12 au 9 kupitia kibadilishi chake. Isomwe namba iliyoandikwa chini ya chombo. Palipo na umemejua, mwalimu hushawishika kuiunganisha ruta ya volti 12 moja kwa moja na betri. Asifanye hivyo bila kidhibiti, kwa sababu betri ya volti 12 inapochajiwa hupanda hadi volti 14 na ushei.

Mipango huwekwa kabla ya kuuchomeka waya wa nje. Kompyuta moja inaunganishwa na tundu la ndani, kivinjari kinafunguliwa, na mahali pa anwani huandikwa namba ya ruta, ambayo mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1, imebandikwa chini ya chombo pamoja na nenosiri la kiwandani. Wanachuo hushangaa kwamba ukurasa unafunguka hali hakuna intaneti. Tunawakumbusha mlango uliofungwa: wanazungumza na karani aliyemo ndani.

Jambo la kwanza ni kubadili nenosiri la kiwandani, kwa maana kila aliyenunua ruta ya aina hiyo analijua. La pili ni kuzima ruhusa ya kuiongoza ruta kutoka nje, na la tatu ni kuzima mawimbi ya hewani kama hayatumiki. Kisha huja sehemu ya mlango wa nje: ama kampuni huigawia ruta anwani yenyewe, na hapo hakuna la kuandika, ama hudai jina la mteja na nenosiri, na hapo huandikwa kama yalivyo kwenye mkataba, herufi kubwa kwa kubwa na ndogo kwa ndogo. Yote haya hunakiliwa katika daftari la mistari lenye jalada gumu, tarehe ikiandikwa, na daftari hufungiwa katika kabati la mwalimu mkuu. Wapo waliotuambia kwamba kuandika nenosiri katika karatasi ni hatari. Katika benki, labda. Katika shule ambayo mwalimu anaweza kuhamishwa mwezi ujao, hatari iliyo kubwa zaidi ni nenosiri lililo kichwani mwa mtu mmoja.

Waya wenyewe

Hapa ndipo tunapotumia muda mwingi kuliko pengine kote, na ndipo tulipojifunza zaidi. Ndani ya waya wa mtandao zimo nyaya nane nyembamba, zilizosokotwa mbili mbili. Kusokotwa huko si urembo. Nyaya mbili za jozi hubeba habari moja kwa namna iliyo kinyume. Kelele ya umeme inayotoka katika taa au mashine ya jirani huzigusa zote mbili sawasawa, na upande wa pili kelele hiyo hujifuta. Jozi ikitenganishwa, kinga hiyo hupotea.

Mpangilio tunaoufundisha, plagi ikiwa imeshikwa ulimi wake ukitazama chini na matundu ya kuingizia nyaya yakimwelekea mfungaji, ni huu, kutoka kushoto: nyeupe yenye mstari wa chungwa, chungwa, nyeupe yenye mstari wa kijani, buluu, nyeupe yenye mstari wa buluu, kijani, nyeupe yenye mstari wa kahawia, kahawia. Wanachuo huuliza kwa nini kijani zimetenganishwa na buluu kuwekwa katikati. Mwaka mmoja kundi moja lilikataa utaratibu huo. Walihoji kwamba umeme haujui rangi. Mradi pande zote mbili zinafanana, waya utafanya kazi. Wakapanga jozi zikifuatana, chungwa na mwenzake, kijani na mwenzake, na kuendelea. Kifaa cha kupimia kikawasha taa zote nane, moja baada ya nyingine, wakatushangilia.

Tuliwaacha. Waya ule ulikuwa na urefu wa mita 40 hivi, na kompyuta ya mwisho ikawa inashika na kuachia. Ilichukua vipindi viwili kupata sababu, nasi hatukuwasaidia. Kifaa cha kupimia huuliza tu kama kila uzi unafika; hakiulizi umesokotwa na nani. Kompyuta hutumia uzi wa 3 pamoja na wa 6 kuwa jozi moja, na katika mpangilio wao nyuzi hizo zilitoka katika jozi mbili tofauti, hazikusokotwa pamoja. Tangu siku ile hakuna mwanachuo wa kundi hilo aliyehitaji kukaririshwa rangi. Sisi tunaona kosa lile lilifundisha kuliko ubao wetu, na sasa tunalifanya kwa makusudi kila mwaka.

Mengine ni ya ufundi wa mkono: jozi zisifunguliwe msokoto kuliko inavyohitajika, ganda la nje liingie ndani ya plagi ili libanwe nalo, na waya mmoja usizidi mita 100.

Radi

Kosa letu lililotugharimu zaidi halikuwa la wanachuo. Nyumba ya mwalimu ilikuwa hatua chache kutoka chumba cha kompyuta, naye alitaka kuandaa masomo yake usiku. Tukapitisha waya wa shaba juu, kutoka paa la bati hadi paa la bati, ukiegemea tawi la mwembe. Ulifanya kazi vizuri kiangazi chote. Mvua zilipoanza, jioni moja radi ilipiga karibu, si juu ya waya wala juu ya nyumba, na ruta, swichi na kompyuta tatu zikafa pamoja. Anayeijua mvua ya ukanda huu wa Ziwa Victoria angetuonya. Wazee wa kijijini huzima redio na kuchomoa waya wa antena mawingu yanapokuwa meusi, nasi tulijiona wasomi.

Radi haihitaji kuugusa waya. Waya mrefu ulio nje huokota nguvu yake kwa mbali, na zaidi ya hayo ardhi ya jengo moja na ya jingine hupata volti zinazotofautiana kwa nukta moja, tofauti hiyo ikatafuta njia ya kupita katika waya unaoyaunganisha. Tunafundisha sasa kwamba waya wa shaba usitoke nje ya jengo. Kati ya jengo na jengo hutumika waya wa nyuzi za kioo, ambao haupitishi umeme, pamoja na vigeuzi viwili mwanzo na mwisho. Ikiwa gharama haimudiki, nyumba ya mwalimu ipate ruta yake na njia yake. Na mawingu yakikusanyika, nyaya zote mbili huchomolewa, wa umeme na wa nje. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi.

Mtandao usio na intaneti

Zoezi la mlango uliofungwa tunalirudia mwishoni kwa vifaa halisi. Kompyuta moja inawekwa kuwa ghala la chumba, nayo hutengewa na ruta anwani isiyobadilika ili wengine waipate daima mahali pamoja. Ndani yake huwekwa programu kama Kiwix, inayoweza kubeba Wikipedia ya Kiswahili katika diski, au Kolibri ya Learning Equality, yenye masomo na mazoezi. Zote mbili hazina malipo, na zimetengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti. Waya wa nje unachomolewa mbele ya macho ya darasa. Kompyuta zote zinaendelea kusoma. Kwa shule ya Itilima au Meatu ambayo hununua kifurushi mwanzo wa mwezi na kukimaliza katikati yake, hii ndiyo nusu ya somo iliyo na faida zaidi, na tunasikitika kwamba kwa miaka miwili ya kwanza hatukuifundisha kabisa.

Katika tathmini hatuulizi maswali ya karatasi. Wanachuo wanatoka nje, nasi tunaharibu kitu kimoja. Wakirudi wanatakiwa kukitafuta kwa utaratibu, kutoka karibu kwenda mbali. Je, taa ya tundu inawaka? Kompyuta ina anwani gani? Ikianza na 169.254, basi imejipa yenyewe kwa kukosa karani wa kumjibu. Baada ya hapo hutumia amri ya kubisha hodi, inayoandikwa kwa herufi nne, p-i-n-g, ikifuatwa na anwani: kwanza mlangoni kwa karani, halafu kwa namba ya kompyuta iliyo nje, mwisho kwa jina. Karani akiitikia na wa nje asiitikie, tatizo liko barazani. Namba ikiitikia na jina lisiitikie, kitabu cha majina ndicho kilichopotea.

Kila mmoja ana dakika 20. Mwaka jana mmoja alizimaliza zote akibisha hodi kwa anwani mbalimbali, akiandika majibu kwa uangalifu katika daftari lake, bila kupata kosa. Tulikuwa tumechomoa plagi ya umeme ya swichi, tukaiacha ikigusa soketi. Tulimpa alama nyingi kwa utaratibu wake, na sifuri kwa kutotazama taa.